"Mwacheni, Mlemavu wa Watu": Huruma Hii Inamsaidia Nani?

Wiki mbili sasa mitandaoni hakuna kulala. Anayesemwa ni mchekeshaji mmoja wa Dar ambaye karibu kila mwenye simu ya kupangusa ameshacheka naye. Jamaa anatumia kiti mwendo tangu utotoni, mdomo wake unakata kuliko wembe, na wafuasi alionao wasanii kibao wa Bongo Fleva wanawatamani. Nafasi hiyo hakupewa bure. Aliipigania, kuanzia enzi za video za sekunde thelathini alizokuwa anarekodi uani kwao mpaka kusimamisha kumbi.

Kilichowasha moto ni mchango. Mwaka jana alitangaza kampeni ya kununua viti mwendo 40 kwa ajili ya wenzake. Namba ya kutumia hela ilikuwa yake mwenyewe. Watu wakatuma, huyu buku mbili, yule laki. Kampuni mbili zikaja na zile hundi kubwa za kadibodi, picha zikapigwa. Siku ya kukabidhi ikafanyika kwenye ukumbi wa hoteli, ghorofa ya pili, na lifti siku hiyo ilikuwa mbovu. Basi waliokuja kupewa viti wakabebwa ngazini na mabaunsa, mmoja mmoja, kamera zikiwafuata. Mama mmoja kwenye video anaonekana akivuta gauni lake lisipande huku mpiga picha akimwambia atabasamu.

Viti vilivyotolewa vilikuwa 14. Vingine, wakaambiwa, viko bandarini. Mpaka leo viko bandarini.

Mwezi uliopita watu tisa, baadhi waliopewa viti na baadhi ambao bado wanasubiri, wakaandika barua. Hawakutukana wala kutishia mtu. Waliuliza maswali matatu: zilipatikana shilingi ngapi, zimetumikaje, na viti 26 viko wapi? Barua ikavuja, na jibu likaja kwa laivu ya dakika arobaini. Jamaa alilia. Alisema wanamuonea wivu, kwamba watu wamezoea kumuona mlemavu akiomba, sasa anafanikiwa inawauma.

Mashabiki wakaingia kazini. Na komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilikuwa fupi: "Mwacheni jamani, mlemavu wa watu."

Hiyo komenti ndiyo ya kukaa nayo kidogo.

Angekuwa mwingine?

Chukua staa yeyote anayetembea kwa miguu yake. Akusanye hela za watu kwenye namba yake binafsi, aahidi mzigo wa 40, atoe 14, halafu aulizwe aanze kulia. Bongo hii? Angechanwa mpaka mameneja wake wabadilishe namba za simu. Picha za magari yake zingezungushwa, nyumba yake ingepigwa picha, na wanasheria wa mitandaoni wangemsomea vifungu.

Sasa kwa nini huyu aachwe? Wengi watasema ni utu. Lakini angalia neno "mwacheni" linatumika wapi hasa. Mtoto akivunja sahani, bibi anasema mwacheni, bado mdogo. Mtu mzima akivunja, anaulizwa imekuwaje. Kumsamehe mtu kabla hata hajaulizwa ni kusema kwamba hahesabiki, kwamba akili yake na neno lake havina uzito wa kudaiwa. Yaani yule aliyeandika komenti ile kwa roho nzuri kabisa amemshusha jamaa kuliko waliomwandikia barua. Wale tisa walimchukulia kama mtu mzima aliyepokea hela za watu.

Na kuna kitu kinauma zaidi. Huyu jamaa amejenga jina kwa kukataa huruma. Vichekesho vyake vingi ni kuhusu watu wanaomwekea sarafu mapajani akiwa amekaa tu anamsubiri rafiki yake, au mama wa kanisani anayetaka kumwombea bila kuombwa. Watu walicheka kwa sababu ni kweli. Alifundisha kizazi kizima cha vijana wa mjini kwamba mwenye ulemavu si "masikini ya Mungu". Halafu siku ya hesabu akajifunika blanketi lile lile alilowafundisha watu kulichana.

Haki yake naye

Jambo hili lina pande zake, na upande wa jamaa usifichwe.

Kwanza, hakuna aliyethibitisha kwamba amekula hela. Inawezekana viti kweli vimekwama. Inawezekana kodi ilimshtukiza, au wakala alimzungusha. Kama ndivyo, karatasi moja yenye mapokezi, matumizi na namba ya mzigo ingefunga mdomo wa kila mtu kwa dakika tano. Laivu ya dakika arobaini haijafanya hivyo.

Pili, kuna watu waliotumia nafasi hii kumtukana miguu yake. Hao hawadai hesabu, walikuwa wanatafuta pa kutemea mate tu, na barua ya wale tisa isiwekwe kapu moja na matusi hayo. Mtu anaweza kudaiwa risiti bila mwili wake kuguswa.

Tatu, jamaa amefanyiwa mambo. Wanaoijua tasnia wanasema kwa miaka mingi promota walikuwa wanamlipa nusu ya wenzake, wengine wakimwambia "si tunakupa jukwaa". Alipanda steji ambazo hazina njia ya kiti, akanyanyuliwa kama gunia, na akashukuru kwenye maiki kwa sababu asingeshukuru asingeitwa tena. Mtu aliyepitia hayo unaweza kuelewa akijiambia kwamba sasa ni zamu yake. Kuelewa sawa. Lakini hela ile haikutoka kwa promota waliomdhulumu. Ilitoka kwa watu wa buku mbili, na ilikuwa ya watu wanaotambaa sakafuni.

Kiti mwendo si fulana

Tuseme hata vile 14. Vyote vilikuwa saizi moja, aina ile ya hospitali, ya kumsukuma mgonjwa kutoka wodini kwenda eksirei.

Kiti mwendo hakigawiwi kama fulana za kampeni. Kinapimwa: upana wa kiti kulingana na nyonga, urefu wa pa kuwekea miguu, kina, mgongo. Kikiwa kipana sana mtu anakaa upande mpaka uti wa mgongo unapinda. Asipokuwa na mto unaofaa, na hasa kama hana hisia sehemu za chini, anapata vidonda makalioni, na vidonda hivyo huua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2008 kwa nchi zenye uwezo mdogo, na ujumbe ulikuwa mwepisi: mpime mtu, kirekebishe kiti kimkae, mfundishe kukitumia, kisha fuatilia.

Kijana mmoja wa Mbagala alipewa chake siku ile. Magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye mchanga wa mtaa wao kabla hajafika kwa Mangi. Kiti kimeegeshwa ukutani, dada yake anaanikia nguo. Yeye amerudia kutembelea mikono, amevaa ndala viganjani.

Sasa swali la kumkosesha mtu usingizi ni hili. Mchekeshaji wetu anatumia kiti kilichotengenezwa kwa vipimo vyake. Anaijua tofauti kwa mwili wake mwenyewe, siyo kwa kusimuliwa. Angekuwa ni tajiri fulani asiyejua kitu, mtu angesema hakujua. Yeye alijua, na akakubali wenzake wapewe ambacho yeye asingekikalia hata siku moja, kwa sababu kwenye picha viti vyote vinafanana. Hilo ni kubwa kuliko hata viti 26 vya bandarini.

Dada wa Sinza aliyekataa laki tatu

Wakati wote wanamwangalia jamaa, kuna stori nyingine imepita kimya, na ndiyo yenye somo.

Sinza kuna dada anapamba maharusi. Ni kiziwi. Mikono yake wanaijua mabibi harusi wa mjini, na kalenda yake hujaa mpaka Krismasi. Mwaka jana kampuni moja ilimwalika kwenye mdahalo wao wa tarehe 3 Desemba, ile Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992. Mada: ujumuishi. Posho: laki tatu, kwa saa mbili za kukaa mbele.

Dada akaandika ujumbe, akauliza swali moja. Wakalimani wa lugha ya alama ni nani? Akasema wawe wawili, kwa sababu mkalimani akitafsiri peke yake zaidi ya nusu saa anachoka na anaanza kudondosha maneno, ndiyo maana hupokezana. Jibu likarudi: "Usijali dada, wewe utakaa tu, utapendeza."

Akakataa. Na huo ulikuwa mwezi wa kulipa kodi ya saluni. Hakuposti, hakupiga picha ya skrini kutafuta kiki. Stori imetoka kwa mkalimani ambaye alikuwa ameshaulizwa bei halafu hakupigiwa tena.

Kampuni ikamtafuta binti mwingine kiziwi. Alikuja, akakaa saa mbili mbele ya ukumbi, watu wakiongea juu yake bila yeye kujua wanasema nini. Alitabasamu kila kamera ilipomgeukia. Picha ilipendwa sana. Binti yule asilaumiwe, laki tatu ni hela na njaa haina adabu. Wa kulaumiwa ni walioandaa mdahalo wa ujumuishi wakamtoa nje ya mazungumzo mtu waliyemkalisha mbele.

Ukimweka dada wa Sinza pembeni ya mchekeshaji unaona tofauti haiko kwenye ulemavu wala kwenye umaarufu. Wote wawili waliwekewa hela mezani na watu waliotaka sura zao. Mmoja aliuliza kama ataweza kushiriki kweli, akaambiwa hapana, akaondoka. Mwingine aliona wenzake wanapandishwa ngazi mikononi mwa mabaunsa na akaendelea kushika maiki.

Kampuni zinapenda asiye na maswali

Hapa ndipo wafadhili nao waingie kikaangoni. Hundi ya kadibodi inapendeza, lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiitaji kadibodi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10, kwa wenye miaka 7 na kuendelea, ana aina fulani ya ulemavu. Kwa hiyo ukiona kampuni inaposti tarehe 3 Desemba, uliza tu kwa upole: kwenye ofisi yenu wapo wangapi? Siyo wa kwenye picha. Wa kwenye orodha ya mishahara.

Kampuni nyingi hazina chuki. Zina uvivu. Zinatafuta sura moja inayojulikana, isiyouliza kuhusu ngazi, wakalimani wala mkataba, na zikishaipata zinaitumia miaka mitano. Ile sura nayo inazoea. Inaanza kuitwa "msemaji wa walemavu" ingawa hakuna aliyempigia kura. Viziwi hawakumtuma, wasioona hawakumtuma, watu wenye ualbino hawakumtuma, na nchi hii ina vyama vya watu wenye ulemavu vyenye viongozi na mikutano yao, vilivyoungana chini ya SHIVYAWATA. Lakini kumpigia simu staa mmoja ni rahisi kuliko kukaa na chama chenye maswali.

Filamu za Kibongo nako ni yale yale. Mtu anayeona vizuri anavalishwa miwani myeusi, anapewa fimbo, anapapasa kuta sehemu mbili nzima, halafu sehemu ya tatu anapona kwa maombi. Waigizaji wasioona wapo, hawaitwi.

Mbele huko kuna mfano wa kuiga. Marlee Matlin, mwigizaji kiziwi wa Marekani mwenye tuzo ya Oscar, alipopata nafasi kwenye filamu ya CODA alisema wazi kwamba kama nafasi nyingine za viziwi watapewa wanaosikia, yeye anajitoa. Wakakubali. Mwaka 2022 CODA ikachukua Oscar ya filamu bora, na mwenzake Troy Kotsur, kiziwi pia, akachukua ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume. Ndiyo kazi ya mwenye jina akishaingia ndani. Anaweza kuushikilia mlango wenzake wapite, au akaufunga nyuma yake akabaki peke yake mwenye kiti.

Basi kifanyike nini?

Kwa mchekeshaji: weka hesabu hadharani, zote, hata zile zinazoaibisha. Kama hela imepungua, sema imepungua wapi. Iliyobaki ihamie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, wawemo na wale tisa. Viti vinavyofuata vinunuliwe baada ya watu kupimwa, hata kama vitakuwa 10 badala ya 26. Viti 10 vinavyotembea ni bora kuliko 26 vya kuanikia nguo. Na ukiombwa msamaha na waliokutukana, upokee. Nawe wewe una wa kumwomba, ni yule mama wa gauni.

Kwa promota na wenye kumbi: njia ya kiti mwendo si ubao unaotupwa juu ya ngazi saa moja kabla ya shoo. Kipimo kinachotumika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinataka njia ya zaidi ya mita tano. Kama huna nafasi hiyo, chukua ukumbi wa chini, na angalia choo chake kama mlango unapitisha kiti. Na msanii mwenye ulemavu alipwe kwa mkataba, kwa bei ya wenzake. Jukwaa halilipi kodi ya nyumba.

Kwa watengeneza maudhui: acheni kumkabidhi mtu msaada huku kamera iko puani kwake. Ukitaka kweli kumjumuisha, weka maandishi kwenye video zako ili kiziwi acheke pamoja na wengine siku hiyo hiyo, siyo asubiri kusimuliwa. Hilo halina hundi wala mbwembwe, na linaweza kufanyika leo usiku.

Kwa mashabiki: kumpenda mtu na kumdai risiti vinakaa nyumba moja. Aliyewahi kutuma hata buku ana haki ya kuuliza. Auliza kwa adabu, bila kugusa miguu ya mtu, kama walivyouliza wale tisa.

Barua yao ilimalizika na sentensi ambayo haikuzungushwa sana mitandaoni, labda kwa sababu haina ugomvi ndani yake. Waliandika: "Tulikuwa tunakuangalia kwenye simu na tunasema huyu ni wetu, ndiyo maana tumekuuliza wewe kwanza kabla ya kwenda popote."

Mpaka jioni ya jana walikuwa hawajajibiwa. Kwenye ukurasa wa jamaa kulikuwa na tangazo jipya la shoo, ukumbi ule ule, ghorofa ile ile ya pili.

Mdau, ulituma mchango wako? Ungekuwa wewe ni dada wa Sinza na kodi ya saluni inakudai, laki tatu ungeiacha? Funguka hapo chini, matusi weka pembeni.